Wakili wangu hakuwahi kuniuliza kama nimeiba

Arusha ni mji wa mahakama, hilo hata mtoto wa Ngarenaro anakwambia. Mahakama ya Afrika Mashariki iko hapa, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa, na ile ya mauaji ya Rwanda, ICTR, ilikaa pale AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, miaka na miaka mpaka ikafungwa mwisho wa 2015. Tumekua tunaona magari meupe ya UN yanakatiza mjini na mawakili wa suti za bei mbaya wanakunywa kahawa karibu na Mnara wa Saa. Kwa hiyo mtu wa hapa ukimtajia mahakama anawaza vitu vikubwa, wakalimani, vile vya kuvaa masikioni. Ile mahakama nyingine, yenye benchi la mbao na karani anayeita majina kwa sauti kavu na watu wamejaa koridoni wameshika bahasha za kaki, hiyo unaijua siku jina lako likiitwa.

Langu liliitwa 2020.

Nilikuwa stoo kipa wa kampuni moja ya utalii, jina tuliache. Kazi ya stoo ya safari mtu wa nje anaiona rahisi, kumbe ni vurugu tupu, kuna mahema, magodoro, silipingi begi, majiko, mitungi ya gesi, viti vya kukunja, masufuria ya wapishi, na msimu ukichanganya kuanzia Juni gari zinatoka alfajiri mfululizo, dereva huyu anasaini, mpishi yule hasaini sababu mgeni yuko hotelini anasubiri na bosi anapiga kelele, wanarudi usiku wamechoka wanamwaga vitu mlangoni, ukiuliza hema la tatu liko wapi unaambiwa limebaki Karatu, jiko wameazimwa jamaa wa kampuni nyingine kule Serengeti watarudisha. Wageni wakiwepo hakuna anayehesabu. Halafu ikaja Machi 2020, korona, safari zikafutwa, gari zote zikarudi zikapaki, na kwa mara ya kwanza tangu nianze ile kazi vitu vyote vilitakiwa kuwa ndani kwa wakati mmoja. Wakaja kuhesabu. Havikutimia. Sasa fikiria, kampuni haina hela, mishahara imekatwa, mabosi wana hasira na dunia nzima, na kuna mtu mmoja tu ambaye cheo chake kina neno stoo.

Kwanza HR, ofisi ya mambo ya wafanyakazi, wakaniambia niandike maelezo. Nikaandika ukurasa mmoja, na sentensi moja mpaka leo naijua kwa moyo: "Ni kweli vifaa vilivyotajwa havipo stoo na mimi ndiye niliyekabidhiwa stoo hiyo." Ukweli mtupu, havikuwepo na mimi ndiye niliyekabidhiwa. Hiyo karatasi ikaja kuwa kielelezo cha upande wa mashtaka na wakaiita kukiri kosa. Tutafika huko.

Nilikamatwa nyumbani Kwa Mrombo, saa tatu asubuhi. Askari wenyewe hawakuwa na fujo, wakapekua, wakakuta hema moja kuukuu lenye nembo ya kampuni ambalo meneja wa zamani alinipa baada ya zipu kufa, mke wangu alikuwa analifunikia mahindi uani. Wakalibeba. Mke wangu akampigia dada yangu mkubwa Moshi, ana biashara pale Mbuyuni, mama hana mchezo kabisa, na kabla hata hajapanda Noah ya kuja Arusha alikuwa ameshampata wakili.

Huku nyuma mke wangu naye alikuwa ameshapata "wakili" wake. Nje ya kituo kulikuwa na kijana mmoja, shati jeupe, faili kwapani, akamwambia shemeji usihangaike, nipe laki tatu naongea na wakubwa jioni mumeo yuko nyumbani. Hawa ndio mawakili vishoka, na kwa kweli wanajua pa kusimama, wanasimama pale ambapo mtu kachanganyikiwa. Mke wangu alikuwa na elfu arobaini tu kwenye simu, umaskini ukatuokoa. Siku hizi hakuna haja hata ya kubahatisha, Mahakama ina mfumo unaitwa e-Wakili, unaingia kwenye simu unatafuta jina la mtu unaona kama yumo na kama ana leseni hai, maana leseni ya uwakili inahuishwa kila mwaka, siyo kitu ukipata umepata. Na dhamana ya polisi ni bure, imeandikwa mpaka ukutani kwenye vituo vingi, anayekudai hela ya dhamana anakudai rushwa, tuite kitu kwa jina lake.

Wakili wa kweli akaja alasiri. Mama wa makamo, Mchaga wa Marangu, kibegi cha ngozi kimechakaa kuliko hema lile, miwani kaishusha puani. Nikasema shikamoo wakili, mimi sijaiba, nakuapia Mungu mimi sijaiba. Akaitikia marahaba halafu akaniambia, "Baba, hilo kamwambie mama yako. Mimi niambie umekamatwa saa ngapi."

Nilichukia. Nasema ukweli nilichukia sana. Unatoka ndani, kiatu huna mshipi huna, watu wote wanakuangalia kama mwizi, unampata mtu wa kwanza aliyelipwa kuwa upande wako na yeye hataki hata kusikia kwamba hujaiba. Akaendelea na maswali yake: walipopekua nani alikuwepo? Mwenyekiti wa mtaa aliitwa? Umepewa karatasi ya vitu walivyochukua? Umesaini nini mpaka sasa? Funguo za stoo ziko ngapi? Kila jibu anaandika kwa kalamu ya penseli kwenye daftari la shule.

Baadaye sana ndio nikaelewa kila swali lilikuwa na kazi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa nne tangu wakukamate kuchukua maelezo yako, wakitaka zaidi kuna utaratibu wa kuongeza muda. Mimi nilikamatwa saa tatu asubuhi na yale maelezo ya onyo, yaani maelezo unayotoa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yako, yalianza kuandikwa saa kumi jioni, wakili akiwa amekaa pembeni kimya anaangalia saa yake ya mkononi. Hesabu mwenyewe. Upekuzi nao unataka shahidi huru na hati ya vitu vilivyochukuliwa. Pale nyumbani mwenyekiti hakuitwa, shahidi aliyeandikwa alikuwa dereva wa kampuni iliyonishtaki. Haya mambo mtu wa kawaida anaona ni vijikaratasi, anaona mtu ana hatia au hana, basi. Yule mama alikuwa anaona kesi nzima mle.

Msimamo wangu ndio huu, na nimegombana nao na watu kijiweni: usitafute wakili wa kukuamini. Wa kukuamini unao nyumbani, mama, mke, mchungaji. Tafuta anayesoma karatasi mpaka ya nyuma, na umwambie kila kitu hata kile kinachokuaibisha, sababu cha kukuaibisha upande wa pili wanacho tayari. Mimi nilimwambia kuhusu hema la zipu mbovu, nikamwambia pia kwamba kuna siku nilimkopesha jamaa mtungi mmoja wa gesi wikiendi akarudisha Jumatatu. Akaandika. Hakushtuka. Akauliza tu jamaa anaitwa nani na kama anaweza kuja.

Nikasomewa shtaka siku ya Ijumaa. Kama kuna kitu kimoja cha bure nakupa hapa ni hiki: Ijumaa ni siku mbaya ya kusomewa shtaka. Shtaka lenyewe lilikuwa wizi wa mtumishi, yaani mwajiriwa kumwibia mwajiri wake, kosa ambalo kifungo chake kinahesabiwa kwa miaka siyo miezi, lakini lina dhamana. Hakimu akasema wadhamini wawili, vitambulisho, barua za serikali ya mtaa, mmoja awe na mali isiyohamishika. Mjomba alikuwepo na kila kitu. Wa pili, jirani yangu, barua yake ilikuwa na saini ya mtendaji bila muhuri, akapanda bodaboda kukimbilia muhuri, ofisi imefungwa mtendaji kaenda kwenye msiba. Karandinga haisubiri muhuri. Wikiendi ile nikalala Kisongo.

Kisongo sitaielezea sana, walioingia wanajua na ambao hawajaingia wasiombe. Ila kitu kimoja. Mahabusu niliolala nao wengi hawakuwa na wakili wala hawakuwa na mpango wa kupata, na wanajifunza sheria humo humo ndani kwa kuambiana, mzee mmoja wa Ngaramtoni alikuwa anatoa ushauri wa rufaa kama profesa. Taarifa ya nia ya kukata rufaa siku 10, rufaa yenyewe siku 45, alikuwa anawakaririsha vijana kama tebo ya mara. Nilipotoka nikamuuliza wakili inakuwaje, akanieleza kwamba kwenye kesi za mauaji serikali inakulipia wakili, kwenye hizi zetu za kawaida ni mfuko wako, japo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inampa hakimu nafasi ya kuona mtu huyu hana uwezo na haki inataka asaidiwe. Akanikumbusha kesi ya Mahakama ya Afrika, hii iliyoko hapa hapa mjini kwetu, Alex Thomas dhidi ya Tanzania, Novemba 2015, jamaa alikuwa na kifungo cha miaka 30 cha unyang'anyi wa kutumia silaha, alipita kesi yote bila wakili, na majaji wakasema kwa kosa zito namna ile alistahili kupewa wakili. Kesi ya Kilimanjaro hiyo. Halafu Novemba 2019 serikali yetu ikaondoa tamko linalomruhusu mwananchi kwenda pale moja kwa moja. Mahakama bado iko Arusha, inaonekana kwa macho, mlango wake ndio umesogezwa.

Jumatatu muhuri ukapatikana, nikatoka.

Hapa lazima nieleze habari ya milioni 10 sababu iliniokoa na sikujua kama inaniokoa. Mwanzoni kampuni walikuwa wanasema vifaa vya milioni 14. Mpelelezi akawaambia leteni risiti za kununulia, wakatafuta, vingine vilinunuliwa mnadani, vingine vililetwa na wageni wakaviacha, ikabaki milioni 8 na laki kadhaa yenye risiti. Wakili aliposoma hati ya mashtaka nikamwona anashusha pumzi. Mali ikizidi milioni 10, sheria ya dhamana inataka uweke nusu ya thamani, pesa taslimu au mali, ndio utoke. Milioni 7 mimi ningeitoa wapi mwaka ule wa korona? Ningekaa Kisongo mpaka kesi iishe, na mtu aliyeko ndani hatafuti mashahidi, hatafuti nyaraka, anangojea tu Noah ya mkewe.

Kisha kikaanza kile kipindi ambacho watu hawakisimulii maana hakina stori. Kutajwa. Unaamka, unavaa lile shati moja, unakwenda, unasimama, wakili wa serikali anasema mheshimiwa upelelezi haujakamilika tunaomba tarehe nyingine, hakimu anaandika, unarudi nyumbani. Dakika tano. Lakini siku nzima imekufa, na kibarua chochote ulichopata wiki hiyo kimekufa nacho, maana ni bosi gani anamwajiri mtu wa kuomba ruhusa kwenda mahakamani kila baada ya siku chache? Wiki mbili, wiki mbili, wiki mbili. Ukikosa siku moja wadhamini wako wako matatani, kwa hiyo mjomba naye akawa anapiga simu usiku wa kuamkia kila tarehe, "Kesho unaenda?" Naenda mjomba. "Usiniuze kiwanja changu mwanangu."

Kuna kitu kinaitwa siku 60. Kesi haitakiwi kuahirishwa ahirishwa kwa ajili ya upelelezi kupita siku 60 kwa ujumla, labda iletwe hati kutoka kwa mkuu wa upelelezi wa mkoa, halafu ya wakili wa serikali, halafu ya DPP, mkurugenzi wa mashtaka wa nchi nzima. Wakili wangu alikuwa anazihesabu zile siku kwenye daftari lake la shule, na siku zilipotimia hakupiga kelele, alisimama tu akasema mheshimiwa leo tumefika, hati iko wapi? Hati haikuwepo. Wakaomba siku chache, tarehe iliyofuata upelelezi ukawa umekamilika kimiujiza. (2022 sheria ikabadilishwa, kwa makosa mengi upelelezi unatakiwa uishe kabla mtu hajafikishwa mahakamani. Sisi tulitangulia.)

Katikati ya hayo wazee wakakaa. Baba mdogo akatoka Machame, mchungaji akaja, bosi naye akatuma mtu, pendekezo likawa nilipe zile milioni 8 kidogo kidogo na "kesi inafutwa". Nyumbani wote wakashangilia, mama analia anasema saini mwanangu yaishe. Nikaipeleka ile karatasi kwa wakili. Akaisoma mara mbili, akavua miwani. "Baba, hii kesi siyo ya bosi wako. Soma juu hapo, Jamhuri dhidi yako. Bosi wako ni shahidi tu, hana kesi ya kufuta." Ni kweli, mlalamikaji anaweza kwenda kuomba, lakini anayeondoa shtaka ni upande wa mashtaka. Na karatasi ile ilianza na maneno "Mimi niliyechukua vifaa". Ningesaini pale ningekuwa nimewaandikia kielelezo kingine kwa mkono wangu na bado kesi iko palepale. Akasema wakitaka tuelewane tuelewane, lakini tunaandika sisi, bila kukiri, na ofisi ya mashtaka ijue. Hawakurudi. Baba mdogo alininunia kwa muda mrefu, aliona nimemdharau mchungaji.

Ndugu mwingine, huyu wa mjini, yeye alikuja na wazo la kumwona mtu. Mnajua kumwona mtu. Wakili alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote halafu akamwambia akitoa shilingi moja yeye anajitoa kwenye kesi siku hiyo hiyo na kama TAKUKURU wakija asitaje jina lake. Ndugu akasema wakili huyu mshamba. Labda. Makubaliano yetu ya malipo yalikuwa milioni moja na nusu, nusu mwanzo na nyingine kwa awamu, na kila awamu risiti, hata nilipompelekea elfu hamsini aliniandikia risiti ya elfu hamsini. Nusu ya kwanza alitoa dada, iliyobaki niliuza pikipiki.

Kwenye usikilizwaji wa awali ndio siku nilitaka kumfukuza wakili wangu. Wakili wa serikali anasoma maelezo ya kesi, hakimu anauliza yapi hayabishaniwi, na mama wa watu anasimama anakubali: jina ni lake, kazi ni yake, stoo alikabidhiwa yeye, vifaa vilihesabiwa tarehe fulani. Anakubali, anakubali! Nikamvuta gauni. Nje akanieleza kwamba anakubali vitu ambavyo hata vikithibitishwa havinifungi, ili siku ya kusikilizwa wasipoteze muda na mashahidi wa kuthibitisha jina langu, tubaki na kile kimoja ambacho hawana. Na kile kimoja ni kipi? Mtu aliyeniona nachukua, au aliyenunua kwangu, au kitu chochote kilichotoka pale kikakutwa kwangu. Kukosekana vitu stoo ni hasara. Wizi unataka mtu achukue, na achukue kwa nia ya kuiba.

Mashahidi wakaanza 2021. Hakimu alikuwa anasikiliza Kiswahili anaandika Kiingereza kwa mkono, kwa hiyo shahidi anasema sentensi moja anasubiri, anasema nyingine anasubiri, na mimi mwenye kesi yangu nikitaka kusoma mwenendo wa kesi yangu natafsiriwa. Mwaka huo huo ndio mambo yalibadilika, Februari Rais Magufuli alimpandisha Jaji Galeba kwenda Mahakama ya Rufani akimsifia kwa hukumu aliyoandika kwa Kiswahili, na haikupita muda bunge likapitisha Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Wakili wangu akasema miaka yote ile ya kuumia na Kilatini imekwenda na maji, lakini alikuwa anacheka.

Wale waliokuja kusikiliza wakitegemea sinema walisinzia. Hakuna kupiga meza. Shahidi wa kwanza alikuwa mhasibu aliyeongoza kuhesabu, na maswali ya dodoso, yale wakili wangu anamhoji shahidi wa upande wa pili, yalikwenda hivi, nimeyaomba kwenye nakala ya mwenendo:

"Shahidi, funguo za stoo ziko ngapi?"

"Mbili."

"Moja alikuwa nayo mshitakiwa. Ya pili?"

"Ilikuwa ofisini."

"Kwa nani?"

"Kwenye droo."

"Droo inafungwa?"

Kimya. "Mara nyingi haifungwi."

"Ofisini wanaingia watu wangapi?"

"Wafanyakazi wote tu."

"Mnahesabu, mshitakiwa alikuwepo?"

"Alikuwa amepewa likizo bila malipo."

"Asante shahidi. Sina la zaidi mheshimiwa."

Akakaa. Nikamwangalia kama vile, mbona hujammalizia? Mimi ningemuuliza na droo ni rangi gani! Baadaye akaniambia ukishapata unachotaka funga mdomo, swali moja la ziada ndio shahidi anapata nafasi ya kujirekebisha.

Lile hema nalo likaletwa, limekunjwa vizuri kuliko lilivyowahi kukunjwa kwangu. Mpelelezi akaulizwa orodha ya vilivyopotea ina mahema ya watu wangapi, akasoma, ya watu wawili. Hili hapa ni la watu wangapi? Akalikunjua mbele ya mahakama, la watu watatu, na punje za mahindi zikadondoka sakafuni. Hata wakili wa serikali alitabasamu. Maelezo ya onyo yakapingwa kwa ile habari ya saa nne, ikawa kesi ndani ya kesi, yaani kwanza inasikilizwa kama yapokelewe au la, hakimu akayakataa. Ikabaki ile barua yangu ya HR. Hapo wakili wangu alisimama muda mrefu kuliko siku zote, akasoma sentensi yangu neno kwa neno, akasema mheshimiwa, aliyekiri kosa lazima akiri vile vitu vinavyofanya kosa liwe kosa, hapa mtu anasema vifaa havipo na stoo ni yake, hayo mawili sisi tulishayakubali tangu usikilizwaji wa awali, hajasema kachukua. Ndio nikaelewa kwa nini siku ile alikuwa anakubali kubali.

Uamuzi ukasomwa kwa Kiswahili. Sina kesi ya kujibu. Hata sikupanda kizimbani kujitetea, ile hotuba niliyoiandaa usiku wa manane mwaka mzima, ya kuapa kwamba mimi sijaiba, haikutolewa popote. Nilitoka nje dada akapiga vigelegele akanyamazishwa na askari. Wakili akanishika mkono akasema pika wali lakini usichinje, Jamhuri wana siku 30 za kutoa taarifa ya kukata rufaa na 45 za kuileta. Tukangoja. Hawakukata. Mjomba ndio akaanza kupokea simu zangu kwa furaha.

Kuna kipande kingine ambacho ningekuwa peke yangu kingenipita kabisa. Nilipokuwa bado natajwa, kampuni walinifukuza kazi kwa barua, sababu wizi. Mimi niliona kawaida tu, mtu ana kesi atabaki kazini? Wakili akaniuliza barua ni ya tarehe ngapi, maana CMA, tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, malalamiko ya kuachishwa kazi yanapelekwa ndani ya siku 30, na sheria ya ajira inasema mfanyakazi akishashtakiwa mahakamani mwajiri hawezi kumchukulia hatua za nidhamu kwa jambo hilo hilo mpaka mahakama imalize. Nilikuwa nimeiweka ile barua ndani ya Biblia ya mke wangu. Fomu ikajazwa, ikapelekwa ndani ya muda. Shauri hilo lilikuwa fupi kuliko la jinai na lenye kelele zaidi, bosi alikuja mwenyewe, tuliangaliana ana kwa ana kwa mara ya kwanza tangu korona, akanisalimia "habari za nyumbani" kama vile hakuna kitu, nikajibu nzuri. Walilipa kwa awamu, kwa kuchelewa, na hela ya kwanza ilikwenda moja kwa moja kwa wakili kumalizia deni, akaandika risiti.

Sasa hivi niko Usa River, stoo tena, sina kazi nyingine ninayoijua. Siku ya makabidhiano nilimwambia meneja mpya naomba iandikwe funguo ya akiba inakaa kwa nani, jina na saini. Alicheka, akaniuliza nimesomea sheria? Nikamwambia kidogo. Akaandika.